Kuchonga njia za hewa za silinda hedi nyumbani: nianzie wapi?

Swali

Wataalamu, habari zenu. Nimefungua injini ya petroli ya silinda nne yenye valvu nane, na silinda hedi yake ya alumini (kipande cha juu kinachofunika silinda na kubeba valvu) sasa iko mezani, imesafishwa na valvu zote zimetolewa. Ninayo mashine ndogo ya kusagia ya kushika mkononi pamoja na misasa, na nakusudia kupanua njia za kuingizia hewa hadi zilingane na matundu ya gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa kila silinda), kisha nizing'arishe kama kioo. Gari hili ni la matumizi ya kila siku, si la mashindano. Je, mpango huu ni sahihi, na ni wapi nisipopaswa kugusa kabisa?

Jibu la kwanza

Ndugu, nakuomba uliweke kando wazo la kupanua. Hewa ina uzito, na ikishapata mwendo huendelea kujisukuma ndani ya silinda hata baada ya pistoni kuanza kupanda, maadamu valvu haijafunga. Ukiipanua njia, mwendo huo hupungua, na injini hupoteza nguvu katika mizunguko ya chini, ambako gari la kila siku hutumia muda wake mwingi. Faida hasa iko upande wa pili, katika sentimita moja au mbili zilizo nyuma ya siti ya valvu, yaani duara ambalo valvu hulikalia inapofunga. Mara nyingi hapo kuna ukingo ulioachwa kiwandani, pale kifaa cha kukatia siti kilipokomea, na kuuondoa tu ukingo huo huleta tofauti.

Baada ya hapo chunguza upande mfupi wa kona, pale njia inapopinda kushuka kwenye valvu. Hewa ikikuta kona kali huachana na ukuta na kuanza kuzunguka ovyo, hivyo sehemu ya njia inakosa kazi ingawa kwa macho iko wazi. Ipe kona hiyo mviringo, lakini usiikate ikashuka, kwa sababu utazidisha ukali ule ule unaotaka kuuondoa.

Jibu la pili

Naunga mkono, na naongeza habari ya kung'arisha. Kwenye njia ya kuingizia, ishia kwenye msasa namba 80 au karibu na hapo, kwa kuwa ukuta wenye ukwaruzo kidogo husaidia matone ya petroli yasitambae ukutani. Njia ya kutolea moshi ndiyo unayoweza kuilainisha zaidi, kwani masizi hupata shida kushika. Nyuma ya kuta hizo hupita maji ya kupoza injini, na unene wake haulingani kila mahali, kwa hiyo toa kidogo kidogo. Usiguse siti zenyewe: pachika valvu kuukuu wakati wa kusaga ili zikingwe. Tumia kisagio chenye meno mapana kilichotengenezwa kwa ajili ya alumini, ukikipaka mafuta ya taa kisizibe, na uvae miwani na barakoa.

Jibu la tatu

Pima, usikisie. Kwa kawaida koo, yaani sehemu nyembamba ya njia iliyo chini ya siti, huwa na kipenyo cha asilimia 85 hadi 90 ya kipenyo cha valvu, kwa hiyo valvu ya milimita 40 inahitaji koo la milimita 34 hadi 36, wala si zaidi. Silinda zote nne zilingane. Ukigusa chemba ya mwako, ifunike kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu, uijaze kimiminika kupitia tundu hilo kwa bureti (mrija wenye alama za ujazo), ulinganishe ujazo wa kila chemba. Siti zikatwe upya kwa pembe tatu, digrii 30, 45 na 60, kwenye mashine ya fundi. Hiyo si kazi ya mkono.

Muulizaji

Nashukuruni sana. Basi gasketi ya manifoldi niiache kama ilivyo?

Jibu la kwanza

Itumie kukagua tu. Palipo na ukingo wa hedi au wa gasketi unaojitokeza mbele ya hewa inayotoka kwenye manifoldi, uondoe huo peke yake. Upande wa moshi, bomba likiwa pana kidogo kuliko tundu la hedi, liache hivyo, kwa kuwa ngazi hiyo huzuia moshi kurudi nyuma.