Mens Sana Siena: ilifikaje kileleni, na kwa nini ilianguka ghafla?

Mdadisi wa Vikapu
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nikisoma historia ya mpira wa kikapu barani Ulaya nimekwama kwenye klabu ya Mens Sana ya Siena, ambayo ilimaliza bingwa wa Italia mara saba mfululizo, kuanzia 2007 hadi 2013, kisha mwaka uliofuata ikafilisika. Siena ni mji wa watu 50,000 na ushei, na wengi wetu tunaufahamu kwa mbio zake za farasi za Palio tu. Mji mdogo namna hiyo ulipata wapi ubavu wa kuzipiku Milano na Bologna, na ubavu huo uliishia wapi?

Mzee wa Takwimu
Ndugu Mdadisi, anzia kwenye benki. Monte dei Paschi, iliyoasisiwa Siena mwaka 1472, ndiyo benki kongwe kuliko zote zinazofanya kazi hadi leo, na kwa miaka mingi ilimilikiwa na taasisi ambayo wajumbe wake wengi waliteuliwa na serikali za mtaa za Siena, hivyo fedha zake zilirudi mjini kwa njia nyingi, michezo ikiwemo. Klabu yenyewe ilianza kama chama cha mazoezi ya viungo mwaka 1871, lakini haikuwa tishio kwa vigogo mpaka benki ilipoingia kama mdhamini mkuu mwaka 2000. Ubingwa wa kwanza ulikuja 2004. Mwaka 2007 benki ikakubali kuinunua Antonveneta, benki nyingine ya Italia, kwa takriban euro bilioni 9, mzigo uliozidi uwezo wake; hasara zilizofichwa zikafichuka mwanzoni mwa 2013, na udhamini ukakoma 2014. Timu ya soka ya mji huo, iliyokuwa na mdhamini huyohuyo, nayo ilianguka kiangazi cha mwaka huohuo.

Kocha Mstaafu
Namshukuru Mzee wa Takwimu, ila naona ameipa benki sifa zote na lawama zote. Fedha peke yake haielezi kwa nini kocha Simone Pianigiani, mzaliwa wa Siena aliyelelewa na klabu hiyohiyo, alishinda ligi kila msimu kati ya 2007 na 2012. Timu ile ilikaba kwa nidhamu, mlinzi mfupi Terrell McIntyre akiuongoza mchezo na Shaun Stonerook akifanya kazi chafu chini ya kikapu. Tazama robo fainali ya Euroleague, mashindano makuu ya klabu za Ulaya, ya 2011: walifungwa na Olympiacos ya Ugiriki 89 kwa 41 katika mchezo wa kwanza, kisha wakashinda mitatu iliyofuata na kwenda Barcelona kwenye nusu fainali. Kipigo cha pointi 48 huvunja timu nyingi zenye fedha nyingi zaidi.

Kuhusu anguko, benki ingeweza kuondoka na klabu ikabaki ndogo lakini hai. Kilichoiua ni madeni na mahesabu yake yenyewe: uchunguzi wa polisi wa fedha ulikuwa umeanza kabla ya udhamini kukoma, na tuhuma zilihusu ukwepaji wa kodi na malipo yasiyopita kwenye vitabu. Mwaka 2016 mahakama ya shirikisho la mpira wa kikapu la Italia ikafuta ubingwa wa 2012 na 2013.

Mdadisi wa Vikapu
Ahsanteni sana. Je, wachezaji wa msimu wa mwisho walicheza wakijua klabu inakufa?

Kocha Mstaafu
Walijua fika, kwa kuwa klabu ilikuwa tayari imeingia kwenye ufilisi wa hiari. Hata hivyo walifika fainali ya ligi ya 2014, ambayo bingwa ni anayeshinda michezo minne kwanza, na kuongoza 3-2 dhidi ya Milano, iliyofundishwa na Luca Banchi, kocha aliyewapa taji la mwaka uliotangulia. Mchezo wa sita ulikuwa nyumbani Siena. Ubao ulisoma sare, muda ukiyoyoma, Curtis Jerrells wa Milano akaruka na kufunga. Milano wakamaliza kazi kwao katika mchezo wa saba. Klabu mpya ilianza Serie B, daraja la tatu, ikapanda hadi A2, daraja la pili, nayo ikaondolewa kwenye ligi mwaka 2019 kwa matatizo ya fedha. Warithi wake walilazimika kuanzia madaraja ya kanda.