Mtoto anayeonewa shuleni: afundishwe ngumi au avumilie?

Mkazi wa Igoma: Ndugu zangu, mpwa wangu, ambaye baba yake ni Mhindi na mama yake Msukuma, amerudi tena nyumbani shati halina vifungo, kwa kuwa wenzake wa darasa la sita humzunguka na kumwita chotara. Babu yake anataka afundishwe ngumi. Mimi nasita. Makaburu wa Afrika Kusini nao waliwahi kuonewa: katika vita vya 1899 hadi 1902 Waingereza waliwafungia wake na watoto wao kambini, wakafa kwa maelfu, na kinyongo hicho kilisaidia kuwapandisha madarakani mwaka 1948 wale walioleta sheria za ubaguzi.

Mvuvi Mstaafu, Kirumba: Usitutishe na Makaburu. Mandela alifanya mazoezi ya ngumi pale Orlando, mtaa wa Soweto, na hatukusikia kwamba alimwonea mtu. Kwanza Mwanza yetu haijawahi kubaguana.

Binti wa Bwiru: Shikamoo mzee. Haijawahi? Mpaka mfumo ule ulipofutwa mwaka 1962, shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, na za Waafrika mwisho wa foleni.

Mvuvi Mstaafu, Kirumba: Marahaba. Huyo ni mkoloni, binti yangu. Mimi nasema watu. Marehemu baba alikopeshwa nyuzi za nyavu katika duka la Mhindi bila kuandikishana.

Binti wa Bwiru: Naamini alikopeshwa. Je, aliwahi kukaribishwa ndani akanywa chai?

Mvuvi Mstaafu, Kirumba: Baba yangu hakwenda kutafuta chai.

Dereva wa Igogo: Mnabishana juu ya chai ya marehemu, na mtoto hana vifungo! Huyo chotara anasukumwa na pande zote mbili, maana hata shangazi zake wa upande wa baba huenda hawamwiti kwenye sikukuu. Tena, mwenye mada, Waafrika nao walifungiwa kambi zao katika vita hivyohivyo, wakafa, na si wao waliotunga sheria za ubaguzi. Kuonewa peke yake hakumfanyi mtu kuwa Kaburu.

Mkazi wa Igoma: Hilo la kambi za Waafrika sikulifikiria, na la shangazi umelipatia kuliko nilivyotaka. Jana usiku mtoto amevishona vifungo mwenyewe, vinne vyeupe na kimoja cheusi, kisha akaniuliza mazoezi ya Jumamosi yanaanza saa ngapi. Nimemwambia nitamuuliza babu.