Tupeane uzoefu: taka na majitaka mtaani kwako Dar, nani anazoa na unamlipa nani?

Wakuu, habari za leo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni nzima imeongezeka, wote wanakula, wanatupa na wanakwenda chooni. Tusije hapa kutukana serikali tu, kila mtu aeleze kwake mambo yanaendaje.

Naanza. Nimepanga Tabata. Gari la mkandarasi hupita barabara kubwa tu, linapiga honi. Sisi wa uchochoroni tunakimbia na viroba kichwani, ukichelewa imekula kwako. Ila kijana wa ada na mashine yake ya risiti anafika mpaka mlangoni, hata mvua inyeshe.

Mdau, Manzese:
Wewe unalia na viroba, huku tunalia na choo. Nyumba zimebanana, gari la kunyonya majitaka haliingii na mpira wake haufiki. Mama mwenye nyumba anaita vyura, yaani vijana wanaozoa choo kwa mikono. Wanakuja usiku, wanachimba shimo pembeni, wanamwaga mafuta ya taa kukata harufu, kisha mmoja anaingia ndani na ndoo. Hana glavu wala buti. Asubuhi shimo limefukiwa, watoto wanachezea juu yake. Na masika yakianza kuna majirani wanatapisha: wanatoboa ukuta wa shimo mvua ikiwa kubwa, mzigo wote unaingia mfereji. Ukimuuliza, anakwambia mbona kila mtu anafanya.

Mdau, Temeke:
Pole mkuu. Kwetu walikuja vijana na pampu ya mkono, wanavuta kinyesi mpaka kwenye mapipa, wanapakia kwenye guta la matairi matatu. Tulichangishana wapangaji, hakuna aliyezama shimoni. Shida yao moja, matambara na chupa mlizotupia chooni zinaziba pampu.

Mdau, Tegeta:
Mimi ni tingo wa gari la taka, nisikilizeni. Mnasema gari halionekani. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi. Kutoka huku unavuka mji mzima na foleni yake, tripu moja siku imeisha. Na tunachobeba zaidi ni maganda ya ndizi na mihogo, na makombo yaliyolowa. Ni maji tupu, mzigo mzito, ada yenu inaishia kwenye dizeli. Kuna mama ntilie mmoja maganda yake yanachukuliwa na mfuga nguruwe, kwake tunaokota kiroba kimoja chepesi. Wangekuwa kumi mtaa mmoja, tungefika mpaka uchochoroni.

Mdau, Moshi:
Huku ukidondosha kikaratasi stendi, mgambo huyu hapa. Mji unang'aa.

Mdau, Manzese:
Moshi nzima inaingia kata ngapi za Dar? Huyo mgambo wako mlete huku wakati wa masika, asimame pale mferejini usiku.