Tupeane uzoefu: Nguo za kazini kwa pesa kidogo, sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kiume kapata ajira halmashauri, anaripoti mwanzoni mwa mwezi. Mkononi ana laki moja na nusu, na kabati lake lote ni jinzi na fulana za chuo. Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ameshausoma, anajua jinzi na nguo za kubana hazikubaliki. Mshahara wa kwanza nao tunajua unavyoweza kuchelewa. Naomba waliopitia hali hii waeleze walifanyaje, kwa bei za huku kwetu, siyo za Kariakoo.

Mwalimu wa Uyole
Hongereni sana. Mimi nilianza kazi na suruali mbili za kitambaa, nyeusi na bluu iliyoiva, na mashati matatu yasiyo na maua. Kila shati liliendana na kila suruali, kwa hiyo wiki ilikuwa inaisha bila mtu kuona nimerudia. Siri ni rangi, mkuu. Akinunua suruali ya kijani kwa sababu imeshuka bei, itabidi atafute na shati lake.

Aende masoko ya mitumba ya Mbeya, Mwanjelwa au Sido, asubuhi, siku wanayofungua belo (robota la nguo). Zile safi zinatundikwa kwenye hanga, zilizobaki zinamwagwa kwenye turubai. Asidharau za chini, ila akague kola, kwapa na zipu, kisha anyanyue nguo aitazame kwenye mwanga. Suruali yangu ya kwanza niliipata kwa 7,000. Fundi akapunguza kiuno na kukata pindo kwa 3,000, na nimefundisha nayo miaka.

Cherehani Mafinga
Naongea kama fundi. Mteja akileta koti la mtumba, jicho langu linakwenda begani kwanza. Ubavu nitabana, mikono nitafupisha. Bega likining'inia inabidi nifumue mkono mzima pamoja na bitana, na hiyo kazi inaweza kuzidi bei ya koti lenyewe. Kwa hiyo pale sokoni alivae, afunge kifungo, anyooshe mikono mbele. Mshono wa bega uishie pale bega lake linapoishia.

Suruali aigeuze nje-ndani. Kama kwenye mshono wa nyuma kuna akiba ya kitambaa, hata ikiwa inambana kidogo tutaiachia.

Dada wa Njombe
Wadau, baridi mmeisahau! Asubuhi ya Julai huku unakaa ofisini umejikunja, na uzuri wa shati hauonekani. Mimi pesa yangu kubwa ya mwanzo iliishia kwenye sweta mbili za sufu, nyeusi na kijivu, za vifungo mbele. Ndani navaa vesti ya mikono mirefu. Sufu ifuliwe kwa maji ya baridi na ianikwe kwa kulazwa. Ukiitundika ikiwa na maji inavutika, maji ya moto yanaisinyaza ikamtosha mtoto.

Na akina dada wenzangu: kitenge cha yadi sita kutoka Tunduma kilinitolea gauni na sketi. Fundi nilimlipa kidogo kidogo.

Kaka wa Kabwe
Viatu msikimbilie kung'aa. Kuna viatu vya mtumba vizuri kabisa kwa juu, lakini soli yake ya povu imekaa stoo miaka mingi. Unavaa mara chache tu, inaanza kumeguka vipande kama mkate mkavu. Akunje kiatu, aminye soli kwa kucha. Ikibonyea na kuacha alama au ikitoa unga, arudishe. Soli ya mpira iliyoshonwa ndiyo ya kutafuta. Masika aende na buti za mvua, viatu abebe kwenye mfuko abadilishie ofisini.

Mama Mlandege
Wale wanaopitisha nguo maofisini kwa mkopo awaepuke miezi ya mwanzo, mwanangu. Bei inakuwa juu sana kuliko sokoni. Sisi ofisini tulicheza mchezo wa kuchangiana pesa, kila mwezi anapokea mmoja. Zamu yangu ilipofika nilishona suti taslimu.

Mwalimu wa Uyole
Nimesahau kuuliza, anaripoti wapi? Kama ni Rujewa, kule Usangu ni joto, sweta atabeba bure.

Mleta mada
Asanteni sana, ndugu zangu. Anakwenda Makete, kwa hiyo dada wa Njombe nimekusikia. Tumepiga hesabu hivi: suruali mbili 16,000, mashati matatu 15,000, sweta mbili 18,000, viatu 40,000, fundi 12,000. Inabaki 49,000 ya nauli na kula. Koti litasubiri mshahara. Jumamosi alfajiri tunaingia Mwanjelwa.