Picha ya viza ya kupigia nyumbani: ya mama imekataliwa, nifanyeje?

Bint Kibokoni:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninamjazia mama yangu fomu ya DS-160, ile ya mtandaoni ya kuombea viza ya Marekani, kwa kuwa anakusudia kwenda Marekani kumtembelea kaka yangu, na nimekwama kwenye sehemu ya picha. Mara ya kwanza tulikwenda studio moja mjini. Fundi alitupa picha ya kupendeza, lakini alikuwa ameulainisha uso wa mama kwa kompyuta mpaka makunyanzi yakatoweka, na alama nyeusi ya kuzaliwa iliyo shavuni mwake haikuonekana tena. Sikuthubutu kuitumia. Mara ya pili nilimpiga mwenyewe kwa simu, sebuleni, mbele ya ukuta wetu wa rangi ya maziwa, akiwa na miwani yake na hijabu nyeupe. Nilipoipakia, mfumo uliikataa.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, kichochoro ni chembamba na sebule haipati mwanga wa kutosha. Mahojiano yatakuwa Nairobi, na mama ana maumivu ya magoti. Nisingependa asafiri mwendo wote huo kisha aambiwe kwamba picha haifai. Dada yangu pia ataomba pamoja naye, akiwa na mtoto wa miezi minne. Je, kazi hii inawezekana kufanywa nyumbani ikawa sawasawa, au nitafute studio nyingine?

Mzee wa Kamera, Makadara:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimepiga picha za pasipoti tangu zama za filamu, na nakuhakikishia kwamba nyumbani inawezekana kabisa, maana simu za siku hizi zina uwezo kuliko unaohitajika. Ulifanya vyema kutoitumia ile ya studio. Wamarekani wanakataza picha kubadilishwa kwa programu yoyote, na sababu yake ni wazi: picha hiyo italinganishwa na uso wa mama mwenyewe atakaposimama mbele ya afisa. Alama ya shavuni ni sehemu ya utambulisho wake, na fundi hakuwa na haki ya kuifuta.

Ukuta wako haukuwa na kosa, kwa kuwa nyeupe na rangi ya maziwa zote zinakubaliwa. Kosa la kwanza ni miwani, ambayo hairuhusiwi katika picha za viza ya Marekani tangu tarehe 1 Novemba 2016, isipokuwa kwa sababu ya kitabibu iliyothibitishwa na daktari kwa maandishi. Jambo la pili, ambalo si kosa la kisheria lakini huharibu picha nyingi, ni hijabu nyeupe mbele ya ukuta mweupe: kichwa hakijulikani kinaishia wapi. Mvalishe hijabu ya rangi moja iliyokoza, kama buluu au kijani. Vazi la kichwa la kidini linaruhusiwa, nywele na masikio yakabaki yamefunikwa, mradi uso wote uonekane tangu chini ya kidevu hadi juu ya paji na pande zote mbili, na kitambaa kisitupe kivuli usoni.

Sasa nije kwenye mwanga, ambao ndio roho ya kazi yenyewe. Usitumie taa ya dari, kwani hutia kivuli machoni na chini ya pua, wala usitumie flashi. Fungua mlango wa mbele asubuhi, kabla jua halijawa kali, umketishe mama ndani akiutazama mlango, mahali ambapo mwanga unafika lakini mwale wa jua haumpigi. Nyuma yake tundika shuka jeupe lililopigwa pasi, naye akae mbele ya shuka hilo kwa umbali wa hatua moja ili kivuli chake kisiangukie pale. Kisha mtandikie kitambaa kingine cheupe mapajani, nje ya picha. Kitaurudisha mwanga juu na kuondoa giza la chini ya kidevu. Kwa nyumba za vichochoroni hila hii ndogo ina faida kubwa mno. Zima pangaboi ili shuka na hijabu visipepee, na umpanguse jasho kwa leso kavu, kwa sababu unyevunyevu wa mji wetu huufanya uso ung'ae mbele ya kamera.

Usipige kwa kamera ya mbele, wala asijipige mwenyewe kwa mkono ulionyooshwa, kwani simu ikikaribia sana pua hukua na masikio hurudi nyuma. Simama mita moja na nusu hivi, simu iwe sawa na usawa wa macho yake, uache nafasi kubwa kuzunguka kichwa. Kukata utakata baadaye. Zima mapambo ya uso, na pia ile hali ya simu inayotia ukungu nyuma ya mtu, maana hula kingo za hijabu. Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui: simu hupima mwanga wa picha nzima, na ikiona weupe mwingi nyuma huupunguza, ngozi zetu nyeusi zikazidi kuwa giza. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha uongeze mwanga kidogo mpaka macho na mashavu yaonekane vizuri.

Mama Salma, Nyali:

Naongezea kuhusu vipimo, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipokwama. Picha ya Marekani ni ya mraba. Ya kupakia iwe ya JPEG, kati ya pikseli 600 kwa 600 na 1200 kwa 1200, isiyozidi kilobaiti 240. Kichwa, tangu kidevu hadi utosi, kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu wa picha. Ya karatasi ni inchi 2 kwa 2, yaani milimita 51 kila upande. Iwe imepigwa ndani ya miezi 6 iliyopita, mama aangalie mbele moja kwa moja, macho yote mawili wazi, uso umetulia.

Usihamishe picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa kuwa huibana na kuipunguzia ubora. Itume kama dokumenti, au itoe kwenye simu kwa waya. Kuikata na kuipunguza uzito hakuhesabiwi kuwa kubadilisha sura yake.

Pia ihifadhi ile picha kubwa ya asili. Mimi niliomba viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, baada ya ya Marekani, nikadhani nitazipunguza kwa mkasi zile za inchi 2. Haikuwezekana, kwa sababu Schengen wanataka milimita 35 kwa 45, na uso ujaze takriban asilimia 70 hadi 80 ya picha. Ningekuwa na ya asili ningeikata upya. Ilinibidi nipige nyingine.

Kuhusu mtoto, dada, mlazeni juu ya shuka jeupe sakafuni karibu na mlango, kichwa kikiwa kimenyooka, umpige kutoka juu ukiangalia kivuli chako kisimwangukie. Mkono wa mtu usionekane, wala chuchu bandia. Kama mmempaka wanja kwenye paji la uso, msafisheni kwanza.

Bint Kibokoni:

Mzee wangu, shikamoo, na Mama Salma, ahsante sana. Nina swali moja: mfumo ukiikubali picha, je, bado tubebe ya karatasi?

Mzee wa Kamera, Makadara:

Marahaba. Tazama ukurasa wa uthibitisho wa DS-160. Ukiona alama ya X mahali pa picha, basi haikupokelewa, na ni lazima mama aende na ya karatasi. Hata ikionekana, mimi hushauri kubeba mbili. Zichapishwe kwenye karatasi halisi ya picha. Karatasi ya inchi 4 kwa 6 hutoa picha 6. Mwambie mchapishaji asiikuze wala asiipunguze ili ijaze karatasi, kisha pima kwa rula kabla hujaondoka dukani.

Bint Kibokoni:

Nimerudi kuwapa habari. Tulipiga leo saa mbili asubuhi, mama akiwa na hijabu ya buluu na shuka mapajani, na picha ya tisa ndiyo iliyofaa, kwa maana katika zile za mwanzo alikuwa akitabasamu au akikodoa macho kwa kukosa miwani. Alama yake ya shavuni inaonekana wazi. Mfumo umeikubali, na kwenye ukurasa wa uthibitisho uso wake upo. Za karatasi nilizipima pale pale dukani: ya kwanza ilitoka milimita 48, ikabidi wachapishe tena. Mtoto tutampiga kesho, akishanyonya.