Tundu kwenye draiva ya waifai: mtu anaweza kuiba kupitia hapo? Naombeni ushauri

Kijana wa Mwaloni: Wakuu, habari za jioni. Nina Surface ya mtumba (kompyuta ya Microsoft), nimeiwekea Linux ya Ubuntu 18.04, iko dukani hapa Kirumba, Mwanza. Nimekutana na CVE-2019-19057 (CVE ni namba ya tundu la usalama lililoorodheshwa), tundu kwenye draiva ya mwifiex, ile programu inayoendesha chipu za waifai za Marvell. Wanasema hatari yake ndogo. Je, mtu anaweza kupitia humo akaiba? Nahitaji jibu leo, usingizi sipati.

Sato Mkavu: Linux dukani ya nini mkuu? Rudi Windows.

Fundi Igoma: Hilo la 2019, kerneli (kiini cha Linux) 5.3.11 kurudi nyuma. Draiva inaomba kumbukumbu, hatua inayofuata ikigoma hairudishi. Ikijirudia sana RAM inaisha, mashine inaganda, basi. Nywila halisomi. Kinachonitisha mimi ni hiyo 18.04, msaada wake wa kawaida uliisha 2023. Hamia toleo jipya. Ila umesema "akaiba". Kimeibwa nini?

Kijana wa Mwaloni: Tumalize kwanza la draiva.

Fundi Igoma: Limeisha hilo.

Mzee wa Kamanga: Waifai mnaionea bure. Enzi za kivuko, daraja halijajengwa, shemeji yangu yuko foleni Kigongo anasubiri malipo ya dagaa. Ikaingia meseji, "ile hela itume kwenye namba hii." Akatuma! Na kisimu chenyewe hakina hata intaneti.

Dada wa Nyegezi: Pole yake. Kijana, hela ya nani?

Kijana wa Mwaloni: Haya. Floti ya bosi, ile hela ya uwakala wa pesa za simu, imepungua laki nne na nusu. Nimeshamwambia wadukuzi wamepitia waifai, na namba ya CVE nikamwonyesha. Msinihukumu, tundu si lipo? Na mashine kweli inagandaganda.

Fundi Igoma: Floti inakaa kwenye laini ya uwakala. Surface inahusikaje?

Sato Mkavu: Hii chai. Wakala gani wa Mwaloni ana Ubuntu? Kule ni kitochi kilichofungwa raba na daftari lenye magamba ya samaki.

Dada wa Nyegezi: Chai au si chai, PIN anaijua nani mwingine?

Kijana wa Mwaloni: Mdogo wake bosi. Ila yule hawezi, tunaimba naye kwaya.

Mzee wa Kamanga: Ombeni taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu, saa zote zitaonekana.

Kijana wa Mwaloni: Lazima bosi naye aione?

Sato Mkavu: Ongeza na tangawizi.