Naomba ushauri: nimekutwa na saratani ya titi, nasubiri kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 43, naishi Songea. Nikiwa naoga niligusa kivimbe titi la kushoto, kigumu kama punje ya hindi, wala hakiumi. Hospitali wakachukua kinyama cha kupima, na juzi majibu yametoka: saratani. Nimepewa rufaa ya Ocean Road, Dar, baada ya wiki tatu.

Hizi wiki tatu ndizo zinanimaliza. Mchana nauza dukani kama kawaida, ila taa ikizimwa moyo unaenda mbio, nalala nimeshika titi kupima kama kimekua. Mume wangu anajua. Mama mzazi bado, ana presha. Shangazi kaleta dawa ya mizizi. Nimeipokea kwa heshima lakini sijainywa, daktari alisisitiza nisichanganye chochote.

Nesi mmoja kaniambia niombe maabara vile vipande vya kinyama nivibebe, ili vipimwe vipokezi vya homoni (yaani kuona kama saratani inakuzwa na homoni za mwili) bila kukatwa tena. Mliopitia, ndivyo ilivyo?

Usiku mlikuwa mnalalaje? Na binti yangu wa miaka 12 ameanza kuniuliza mbona nalia. Nimwambieje jamani?